Njia za Twiga: Mtandao wa Safari za Air Tanzania tangu 1977

Mtandao wa safari za Air Tanzania umejengwa juu ya mstari mmoja, wa kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Vituo vingine vimefunguliwa, vikafungwa, vikafunguliwa tena. Njia za ng'ambo zimezinduliwa kwa ngoma na hotuba, kisha zikaondolewa kwenye ratiba kimyakimya. Mstari wa ziwani umebaki katika kila awamu, ila vipindi vile ambavyo shirika lenyewe halikuwa na ndege ya kuruka. Kwa wakazi wa Malampaka, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, mstari huo ndio Air Tanzania wanayoijua. Anayetaka kupanda ndege hiyo yenye twiga mkiani kutoka huko huanza kwa reli au barabara, na Mwanza ndiyo mlango.

Kabla ya shirika, 1931–1977

Mwanza iliingia kwenye ramani ya usafiri wa anga mapema kuliko miji mingi ya Afrika. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London, na mwisho wa safari hiyo ulikuwa Mwanza. Heshima hiyo haikutimiza hata mwaka. Januari 1932 njia ilirefushwa hadi Cape Town, lakini kutoka Nairobi ikashuka kupitia Moshi, Dodoma na Mbeya, na Mwanza ikaachwa pembeni. Wakati huo reli ya Tabora hadi Mwanza, inayopita Malampaka, ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Ilikamilika 1928, ikawa njia kuu ya pamba ya Usukuma kwenda bandarini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali nne za kikoloni ziliunda East African Airways, iliyoanza kazi Januari 1946 ikiwa na ndege sita ndogo za Dragon Rapide zenye mabawa ya ghorofa mbili. Kenya ilikuwa na asilimia 67.7 ya hisa, Uganda 22.6, Tanganyika 9 na Zanzibar 0.7. Hesabu hiyo inaeleza mengi yaliyokuja baadaye. Makao makuu yalikuwa Nairobi, na huko huko zilikuwa karakana, ofisi za tiketi na wahandisi wazoefu. Shirika lilikua kwa kishindo. Mwaka 1960 lilikuwa na ndege za jeti za Comet, mwaka 1966 likapata Super VC10, na likawa linafika Ulaya na Bara Hindi. Safari za ndani ya Tanganyika zilihudumiwa na Dakota, kisha na Fokker F27.

Ugomvi wa fedha kati ya nchi wanachama uliivunja East African Airways mwanzoni mwa 1977, miezi michache kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe kufa. Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Nchi ikajikuta haina shirika la ndege, haina karakana kubwa, na Nairobi, mji uliokuwa kitovu cha safari zake, umegeuka kuwa mji usiofikika.

Machi 1977: kuanza na kilichobaki

Shirika la Ndege Tanzania, lililojulikana kwa herufi za ATC, lilianzishwa tarehe 11 Machi 1977. Haja yake ilikuwa wazi kabisa. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, Bukoba au Mwanza barabara za lami hazikuwepo kwa sehemu kubwa, na treni ilichukua zaidi ya siku nzima. Madaktari, wakaguzi, walimu waliohamishwa, wabunge, barua na dawa vilihitaji ndege. Kwa hiyo ATC ilizaliwa kama huduma ya ndani kwanza. Fahari ya ng'ambo ilikuja baadaye.

Ndege za awali zilichaguliwa kulingana na viwanja. Fokker F27, yenye mapangaboi mawili na mabawa yaliyo juu ya dirisha la abiria, iliweza kutua kwenye njia za changarawe. Twin Otter, ya abiria wasiozidi ishirini, ilifika mahali ambapo hata Fokker ilisita. Mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaja Boeing 737-200 mbili za jeti. Zilikuwa za aina inayobadilishwa, zenye mlango mpana wa mizigo ubavuni: viti viliweza kutolewa na sakafu ikabeba shehena. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara kwa nchi ambayo abiria walikuwa wachache na mizigo ya haraka ilikuwa mingi. Mkiani mwa ndege alichorwa twiga.

Umbo la mtandao lilifuata umbo la nchi. Dar es Salaam iko pembeni kabisa mwa Tanzania, kwenye pwani ya mashariki, na bado njia zote zilianzia hapo, kama vidole vinavyotoka kwenye kiganja: Tanga na Zanzibar karibu, Mtwara kusini, Kilimanjaro kaskazini, Tabora na Kigoma magharibi, Mwanza na Bukoba ziwani. Uwanja wa Kilimanjaro, uliofunguliwa 1971, ulikuwa wa kisasa kuliko vingine vyote vya bara. Ukumbi wa pili wa abiria wa Dar es Salaam, uliosanifiwa na Paul Andreu wa Ufaransa, ulianza kutumika 1984. Abiria wa Mwanza aliyetaka kwenda Mbeya alipaswa kwanza kuruka hadi baharini na kurudi. Tabia hiyo ya mtandao haijaondoka yote hadi sasa.

Miaka ya uhaba, 1980–1994

Safari moja ya njia ya Mwanza ilivuka mipaka bila ruhusa ya ratiba. Tarehe 26 Februari 1982 Boeing 737 iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana wa Kitanzania waliotaka Rais Nyerere ajiuzulu. Ilipelekwa Nairobi, Jeddah, Athens na hatimaye Stansted nchini Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha tarehe 28. Miaka hamsini na moja baada ya Imperial Airways, ndege iliyotoka Mwanza ilikuwa imefika tena jirani na London, safari hii kwa mtutu.

Mpaka wa Kenya ulifunguliwa Novemba 1983, na Mei 1984 nchi tatu zilitia saini mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya. Njia ya Nairobi ikarudi mahali pake. Hata hivyo miaka ya 1980 ilikuwa migumu kwa sababu ambayo haikuhusu marubani wala wahudumu. Vipuri, mafuta na bima hulipiwa kwa fedha za kigeni, na tiketi za Tabora na Bukoba zililipwa kwa shilingi iliyokuwa ikishuka thamani. Ndege moja ikilala karakanani, vituo vitatu au vinne hukosa huduma wiki hiyo. Wasafiri wa ziwani walijifunza kuuliza kwanza kama ndege imeruka Dar es Salaam, ndipo watoke nyumbani.

Ubia mara mbili, 1994–2006

Sera ya nchi ilibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tume ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilipewa kazi ya kutafuta wabia au wanunuzi, na soko la anga likafunguliwa kwa kampuni binafsi. Precision Air, iliyoanzishwa 1991, ilianza kidogo kidogo Arusha na baadaye ikawa mshindani mkubwa katika njia zile zile za Mwanza, Bukoba na Kigoma.

Ubia wa kwanza ulikuwa Alliance Air, kampuni ya pamoja ya Tanzania, Uganda na South African Airways iliyoanza kuruka 1995. Ilitumia Boeing 747SP, ndege fupi yenye masafa marefu, na lengo lake lilikuwa kuunganisha Afrika Mashariki na Ulaya na Asia bila kila nchi kununua ndege kubwa ya peke yake. Wazo lilikuwa zuri, hesabu zikakataa. Alliance ilifungwa Oktoba 2000.

Ubia wa pili ulikuwa mzito zaidi. Desemba 2002 South African Airways ilinunua asilimia 49 ya shirika kwa mpango wa dola milioni 20 za Marekani, nusu yake ikiwa thamani ya hisa na nusu mtaji na mafunzo. Shirika la umma likawa kampuni, Air Tanzania Company Limited, ambayo watu huiita ATCL, na huduma mpya ikazinduliwa Machi 2003. Dar es Salaam ilikusudiwa kuwa kituo cha Afrika Mashariki cha mtandao wa Johannesburg. Kilichotokea ni kwamba mtandao ulipungua. Ndani ya nchi zilibaki njia za jeti zenye abiria wengi, Mwanza, Kilimanjaro na Zanzibar, na miji midogo ikaachiwa wengine. Tiketi zenyewe zilitolewa kwa namba ya South African Airways, 083. Hasara iliongezeka kila mwaka, na upanuzi uliotarajiwa haukuonekana. Septemba 2006 serikali ilinunua tena hisa hizo kwa dola milioni 1.

Somo la kipindi hiki liko kwenye ratiba kuliko kwenye vitabu vya hesabu. Mbia huangalia njia inayolipa, na kwa mbia Mwanza ililipa, Kigoma haikulipa. Kwa serikali, Kigoma ni mkoa.

Miaka ya ndege moja, 2006–2016

ATCL ilianza upya Oktoba 2007 ikiwa na namba yake ya tiketi, 197, Boeing 737-200 na baadaye ndege za Dash 8-300 za mapangaboi. Airbus A320 iliyokodiwa kipindi hicho ilikaa muda mrefu matengenezoni nje ya nchi na kuacha deni kubwa kuliko kazi iliyofanya. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilizuia cheti cha uendeshaji cha kampuni kutokana na kasoro za usalama na kumbukumbu. Kilirudishwa Januari 2009.

Ajali mbili ziliifikisha kampuni ukingoni. Tarehe 1 Machi 2010 Boeing 737-200 iliacha njia wakati wa kutua Mwanza na kuharibika. Tarehe 9 Aprili 2012 Dash 8 ilianguka ikijaribu kuruka Kigoma. Watu wote 39 waliokuwemo walinusurika. Katikati ya ajali hizo, Machi 2011, Dash 8 pekee iliyokuwa ikifanya kazi ilipelekwa Afrika Kusini kwa matengenezo makubwa, na mtandao mzima wa taifa ukasimama. Hadi katikati ya 2016 kampuni ilikuwa na ndege moja inayoruka. Wafanyakazi waliobaki kazini miaka hiyo, mafundi hasa, hawajaandikwa vya kutosha popote.

Ndege mpya, 2016–2019

Septemba 2016 serikali ya awamu ya tano ilipokea ndege mbili mpya za Bombardier Q400, kila moja ya viti 76, zilizonunuliwa kwa fedha taslimu. Mpango ulibadilika pia kisheria: ndege zikamilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali, na ATCL ikazikodi. Menejimenti mpya chini ya Mkurugenzi Mtendaji Ladislaus Matindi ilianza na ndani ya nchi, kama ilivyokuwa 1977.

Q400 ilifaa kwa sababu ina kasi inayokaribia jeti kwa safari fupi, inatumia mafuta kidogo, na haihitaji njia ndefu. Kwa kiwanja kama Bukoba, kilichobanwa kati ya mji na ziwa, hilo ni jambo la msingi. Tabora, Kigoma, Dodoma, Mbeya, Songea, Mtwara na Mpanda zikaingia au kurudi kwenye ratiba. Ndege moja iliweza kwenda Tabora, ikaendelea Kigoma na kurudi Dar es Salaam kabla ya jua kuzama, jambo lililohitajika kwa kuwa viwanja vingi vya mikoani havikuwa na taa za njia.

Mali ya serikali ilikuwa na wadai pia. Q400 ya tatu ilizuiwa Canada mwaka 2017 kwa amri ya mahakama kutokana na madai ya mkandarasi, ikafika Aprili 2018. Agosti 2019 Airbus A220 ilizuiwa Johannesburg na kuachiliwa mwezi uliofuata. Q400 nyingine ilizuiwa tena Canada, kisha ikapokelewa tarehe 14 Desemba 2019, na safari hii mapokezi yalifanyika Mwanza badala ya Dar es Salaam.

Katika miaka hiyo hiyo zilikuja ndege za masafa. Boeing 787-8 ya viti 262 ilitua Julai 2018. Airbus A220-300 ya viti 132 ilifika Desemba 2018, na Tanzania ikawa ya kwanza Afrika kuitumia. Njia za nje zikafuatana: Entebbe na Bujumbura 2018, Lusaka na Harare mapema 2019, Johannesburg Juni 2019, Mumbai Julai 2019. Mumbai ilichaguliwa kwa sababu inayoeleweka Kanda ya Ziwa: wagonjwa wanaopewa rufaa kwenda India, na wafanyabiashara wenye ndugu huko.

2020–2025

Ugonjwa wa korona ulisitisha Mumbai na kuchelewesha Guangzhou, iliyoanza 2021. Julai na Oktoba 2021 zilipokelewa Q400 moja na A220 mbili, na safari za Nairobi zikarudi mwishoni mwa mwaka huo. Kisha tatizo likatoka kiwandani. Injini za A220 zilionyesha kasoro duniani kote, na kuanzia 2022 baadhi ya ndege hizo za ATCL zililala chini zikisubiri injini. Mtandao uliopanuliwa ukahudumiwa na ndege pungufu, na ucheleweshaji ukarudi kuwa mazungumzo ya abiria.

Juni 2023 ilifika Boeing 767-300 ya mizigo yenye uwezo wa tani 54, ya kwanza ya aina yake kwa shirika. Kwa Mwanza habari hiyo ilikuwa na maana yake: miaka ya 1990 na 2000 minofu ya sangara iliondoka hapo kwenda Ulaya kwa ndege za mizigo za kigeni, na baadaye sehemu kubwa ikahamia kwa malori hadi viwanja vya nchi jirani. Boeing 737 MAX 9 ya kwanza, yenye viti 181, ilifika Oktoba 2023. Dubai iliongezwa mwisho wa Machi 2024, na 787 ya tatu ilipokelewa Agosti 2024.

Upanuzi una bei yake. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alionyesha hasara ya shilingi bilioni 35.2 kwa mwaka 2021/22, bilioni 56.6 kwa 2022/23 na bilioni 91.8 kwa 2023/24. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 marufuku hiyo ikapanuliwa kwa mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Air Tanzania haikuwa na safari ya Ulaya wakati huo. Mpango wa kuifikia ndio ulioguswa.

| Mwaka | Tukio katika mtandao |
|---|---|
| 1931 | Imperial Airways yaanza safari za London–Mwanza |
| 1946 | East African Airways yaanza kazi |
| 1977 | ATC yaanzishwa, 11 Machi |
| 1983 | Mpaka wa Kenya wafunguliwa |
| 1995–2000 | Alliance Air |
| 2002–2006 | Ubia na South African Airways |
| 2011 | Safari zasimama, ndege pekee iko matengenezoni |
| 2016 | Q400 mbili za kwanza |
| 2018 | Boeing 787-8 na Airbus A220-300 |
| 2019 | Johannesburg na Mumbai |
| 2021 | Guangzhou. Nairobi yarejea |
| 2023 | Ndege ya mizigo. 737 MAX 9 |
| 2024 | Dubai |

Malampaka na Simiyu ndani ya mtandao

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, makao makuu yakiwa Bariadi. Ndio unaoongoza nchini kwa pamba, zao ambalo halijawahi kuhitaji ndege: marobota husafiri kwa reli na lori. Ndege huhitajika kwa watu wanaoizunguka pamba hiyo, yaani wanunuzi, maofisa, wagonjwa wa rufaa, wanafunzi na watoto waliohamia Dar es Salaam wanaorudi kwenye msiba.

Njia zao za kufikia Mwanza ni tatu. Wa Bariadi hupita Lamadi na kufuata barabara ya kandokando ya ziwa kupitia Magu. Wa Maswa anaweza kuelekea Mwigumbi na kuikamata barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza. Wa Malampaka ana reli mlangoni, ile ya 1928, na reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, imepangwa katika ukanda huo huo. Upande wa mashariki wa mkoa kuna Serengeti na viwanja vyake vidogo vya watalii, lakini ndege zinazotua huko ni za kampuni ndogo za safari na nauli yake hailengi mkulima.

Kusini, uwanja wa Ibadakuli mjini Shinyanga uliwekwa pamoja na Tabora, Kigoma na Sumbawanga katika mpango wa uboreshaji unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Ukiwa na huduma ya kudumu, msafiri wa Maswa atakuwa na milango miwili. Tiketi ya msafiri wa Malampaka huandikwa MWZ, herufi za Mwanza.